Shajara ya mradi: mazoezi ya mbano kwa wachezaji wa briji

Januari: lengo

Nimeanza kuandaa kijitabu cha mazoezi, kwa Kiswahili, cha kufundisha mbano katika briji: mbinu ambayo mwenye mkataba, yaani aliyeahidi idadi ya raundi atakazokula, anacheza karata zake za uhakika mfululizo mpaka mlinzi mmoja, yaani mpinzani, afike mahali ambapo kila karata anayoitupa inamuumiza. Kundi letu hapa Mombasa hukutana Jumamosi baada ya Alasiri. Watu wanajua kupenyeza (kujaribu kula kwa karata isiyo kubwa zaidi, ukitumaini mwenye kubwa amekaa upande unaofaa), wanajua kukata kwa turufu, wanakumbuka turufu ngapi bado ziko nje. Lakini mkataba ukipungukiwa na raundi moja na hakuna pa kupenyeza, wengi huziweka karata chini na kusema "zimekaa vibaya". Mara nyingi zimekaa vizuri tu. Raundi ile ilikuwepo, ila ilitakiwa kuandaliwa tangu karata ya kwanza iliposhuka mezani.

Kijitabu kizima kitasimama juu ya hilo. Mafunzo mengi ya mbano huanza na karata tatu za mwisho, kwa sababu ndipo uzuri wake unapoonekana. Mimi nataka kuanza raundi ya kwanza, pale ambapo mpango unatengenezwa au unaharibika.

Majina ya karata ni yale tuliyokulia nayo: shupaza, kopa, uru na pau, ree, mfalme, malkia na jeki. Kwenye michoro nitaandika A, K, Q na J kama zilivyochapwa kwenye karata zenyewe. Mkono wa mwenzake mwenye mkataba, unaolazwa wazi mezani, ni dami. Karata nne zikishuka ni raundi, na mwenye karata kubwa anaila. Karata ndogo inayosubiri nafasi ya kukua naiita tishio, karata ya mpinzani inayoizuia ni ngao, na njia ya kutoka mkono mmoja kwenda wa pili ni kivuko. Yanatosha. Msomaji aliyewahi kucheza mchezo wowote wa turufu barazani hatahitaji faharasa.

Januari, mwisho wa mwezi: ukurasa wa historia

Nimeufupisha, na hivi ulivyo unatosha. Harold Vanderbilt alitunga hesabu ya pointi ya briji ya mkataba mwaka 1925, akiwa safarini kwenye meli iitwayo Finland kutoka Los Angeles kwenda Havana kupitia Mfereji wa Panama. Mbano una umri mkubwa zaidi. Wachezaji wa wisti, mchezo uliozaa briji, wa karne ya 19 walikuwa wanaujua, na hatua moja ya maandalizi yake mpaka leo inaitwa pigo la Vienna. Ila hesabu ya Vanderbilt ndiyo iliyoupa thamani, kwa kuwa zawadi kubwa hupewa yule aliyeahidi kwanza kisha akatimiza. Ukiahidi 6 bila turufu, yaani raundi 12 kati ya 13, ukazila wakati hamko hatarini (hali inayoongeza zawadi na adhabu), unaandika 990. Ukila 11, unapoteza 50. Raundi moja tu ndiyo imebeba tofauti yote hiyo, na kwa kawaida ndiyo raundi ambayo mbano unaitafuta.

Februari: mgao wa kwanza

Nilitaka mgao ambao hauna mahali pa kupenyeza kabisa, ili mchezaji asipate pa kukimbilia. Huu ndio nilioukubali:

Kaskazini (dami)
Shupaza K 7 3
Kopa A K Q 3
Uru A 6 2
Pau K Q 4

Kusini (mwenye mkataba)
Shupaza A Q J 5
Kopa 7 5 2
Uru J 9 4
Pau A J 6

Kusini anafungua 1 bila turufu kwa pointi 13 za karata (ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1), Kaskazini mwenye 21 anaruka moja kwa moja hadi 6 bila turufu. Magharibi anaanza na mfalme wa uru.

Kabla hujagusa karata yoyote ya dami, hesabu. Shupaza ni raundi nne, pau tatu, kopa tatu, uru moja: jumla 11. Umeahidi 12. Je, ya 12 itatoka wapi? Kopa zinaweza kugawanyika tatu kwa tatu huko nje, na hapo ile 3 ya dami inakula. Hilo hutokea kwa asilimia 35.53. Zikigawanyika nne kwa mbili, ambayo ni asilimia 48.45, mwenye nne anaizuia. Mchezaji wa kawaida anaishia hapo, anacheza kopa tatu, anatazama, anasikitika.

Lakini Magharibi ametoa taarifa. Mtu haanzi na mfalme dhidi ya mkataba wa namna hii kama hana malkia nyuma yake. Maana yake jeki ya uru ya Kusini ni tishio, na ngao yake, malkia, iko kwa Magharibi. Sasa una matishio mawili: jeki ya uru mkononi mwako na kopa ya nne kwa dami. Ikiwa Magharibi ndiye pia mwenye kopa nne au zaidi, mtu mmoja anazilinda aina mbili, na mikono yake ina mwisho. Ukichukua nusu ya mgawanyo wote usio wa tatu kwa tatu ukauongeza kwenye ile 35.53, unapata karibu asilimia 67.8. Inapungua kidogo Magharibi akiwa na uru nyingi kuliko mwenzake, kwa kuwa karata 13 zikishajaa uru, nafasi za kopa zinapungua. Hata hivyo ni karibu maradufu ya uliyokuwa nayo.

Hii ndiyo mikono ya walinzi niliyoipanga:

Magharibi
Shupaza 8 2
Kopa J 10 8 4
Uru K Q 10 7
Pau 9 8 3

Mashariki
Shupaza 10 9 6 4
Kopa 9 6
Uru 8 5 3
Pau 10 7 5 2

Februari, katikati: kuachia raundi ya kwanza

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na nadhani ndipo penye funzo lenyewe.

Ukiila raundi ya kwanza kwa ree, fuatilia hadi mwisho. Shupaza nne, pau tatu, na ile ree ya uru: raundi nane zimepita, kila mtu amebaki na karata tano. Magharibi anahitaji kushika nini? Kopa nne na malkia wa uru. Hizo ni karata tano kamili. Hakuna aliyembana, kila kitu alichotakiwa kukitunza kimemtosha. Utakula kopa tatu za juu, jumla 11, na mkataba umeanguka.

Sasa mwachie mfalme wake. Cheza ndogo pande zote mbili. Raundi moja imepotea, ndiyo, lakini ulikuwa nayo ya kupoteza: umeahidi 12, za mchezo ni 13. Kuanzia hapo, kila raundi iliyobaki ni yako isipokuwa moja, na hali hiyo ndiyo inayomnyima mlinzi karata ya ziada. Mbano wa kawaida unataka hesabu ikae hivyo: karata za uhakika zipungue kwa moja tu kwenye raundi zilizobaki. Kusawazisha hesabu maana yake ni kutoa deni lako mapema, ukiwa bado na nguvu katika kila aina, badala ya kudaiwa mwishoni.

Wala Magharibi hawezi kuendelea na uru. Akileta malkia, ree inamla na jeki yako imekuwa kubwa. Akileta ndogo, jeki yako inakula hapo hapo na ree bado ipo. Analazimika kuhamia kwingine. Tuseme analeta 9 ya pau.

Jumamosi iliyofuata tuliujaribu mezani bila kuwaambia watu unahusu nini. Mzee mmoja mstaafu, mchezaji makini mwenye kumbukumbu kali ya karata, alikaa Kusini na mkono ukaenda kwenye ree mara moja. Alipomaliza na 11, kijana wa kike aliyekuwa dami, ambaye kwa kanuni alinyamaza muda wote, akauliza:

"Baba, hiyo ree ilikuwa na haraka gani?"

"Binti yangu, mfalme ameletwa mpaka mezani, nimwachie?"

"Mwachie, baba. Umeahidi 12, hukuahidi 13."

Mzee akairudisha mikono yote minne wazi, akaicheza upya peke yake, taratibu, midomo ikihesabu. Maneno ya yule dada nimeyaweka juu ya zoezi la kwanza kama yalivyo, kwa ruhusa yake.

Machi: pigo la Vienna, na malkia mmoja wa kopa

Raundi ya kwanza imeachiwa, 9 ya pau imeletwa, mfalme wa pau wa dami amekula. Cheza ree ya uru sasa hivi: hilo ndilo pigo la Vienna.

Inauma kuitazama. Unaitoa karata yako pekee ya uhakika katika uru, na kwa macho ya kawaida unampa Magharibi malkia mkubwa bure. Lakini ree ikikaa kwa dami, inaifunga njia ya jeki. Ikitoka, jeki iliyoko kwako inasimama peke yake, tayari kula mara tu malkia atakapoanguka. Baada ya hapo malkia wa pau, ya pili, halafu pau ndogo kwenda kwa ree; shupaza ndogo kwenda kwa mfalme, kisha rudi kwako kwa ree, malkia, na mwisho jeki ya shupaza. Simama kabla ya jeki hiyo uitazame meza:

Kaskazini: kopa A K Q 3, uru 6
Kusini: shupaza J, kopa 7 5 2, uru J
Magharibi: kopa J 10 8 4, uru Q

Weka jeki ya shupaza. Magharibi ana karata tano na zote anazihitaji. Akitupa malkia wa uru, jeki yako ya uru inakula papo hapo. Akitupa kopa, dami anatupa ile 6 ya uru ambayo haina kazi tena, na kopa zake zote nne ni nzuri. Raundi 12.

Jambo ninalolipenda zaidi katika mgao huu: huna haja ya kukumbuka karata 52. Unaitafuta karata moja tu, malkia wa uru. Umemwona? Cheza jeki. Hujamwona? Nenda kwenye kopa bila wasiwasi. Kwa mtu anayeogopa mbano kwa sababu ya kuhesabu, hii ni habari njema sana, na nimeiandika kwa herufi kubwa.

Kwa ukaguzi natumia programu huria ya Bo Haglund, ambayo huiona mikono yote minne na kusema ni raundi ngapi zinapatikana kwa uchezaji kamili wa pande zote. Nimeipitisha karata kwa karata, nikiicheleweshea ree ya uru makusudi. Inaendelea kusema 12 hata baada ya pau zote na shupaza mbili za kwanza, kwa sababu bado unaweza kuvuka kwa ree ya uru na kurudi kwako kwa shupaza iliyobaki kwa dami. Ukicheza shupaza zote nne kabla ya ree, Magharibi akatupa uru mbili na dami akatupa ile 6 ya uru, inashuka hadi 11. Shupaza ya mwisho ya dami na uru yake ndogo zimeondoka, na vivuko vya kurudi Kusini vimeondoka nazo. Magharibi amebaki na malkia mtupu pamoja na kopa nne. Ree ya dami itamwangusha malkia, lakini wewe utakuwa Kaskazini na jeki yako imekwama ng'ambo.

Kisha nikabadilisha karata mbili tu. Malkia wa kopa nikampa Kusini, na 7 ya kopa nikampa dami. Karata za uhakika ni zile zile 11, matishio ni yale yale, walinzi hawajaguswa. Lakini sasa ukisahau ree ya uru mpaka mwisho, bado unapona: unaicheza kwenye karata tano za mwisho, malkia wa uru anaanguka, unavuka kwa malkia wa kopa na kula kwa jeki. Asipoanguka, basi Magharibi amebakiwa na kopa tatu, na za kwako zinakimbia zote.

Nimeamua migao hii miwili ikae kwenye kurasa zinazotazamana. Ukiisoma pamoja, unaona pigo la Vienna ni la nini: linahitajika pale mkono wenye tishio hauna kivuko chake. Vitabu vingi vinalitaja kama amri, cheza ree mapema. Mwanafunzi akiishika kama amri ataitumia hata mahali ambapo ree hiyo ndiyo kivuko chake pekee, na atajifunga. Akiielewa kama swali la kivuko, ataamua mwenyewe.

Aprili: upande wa kukaa

Sura hii ni fupi kwa sababu jambo lenyewe likionekana mara moja halisahauliki. Karata tatu za mwisho:

Kaskazini: kopa K 9, uru J
Kusini: shupaza J, kopa 5, pau 6
Magharibi: kopa Q 10, uru Q

Matishio yote mawili yako kwa dami safari hii. Jeki ya shupaza inashuka, Magharibi anatupa kwanza, dami anafuata akijua la kufanya: kopa ikitupwa, jeki ya uru inaondoka, malkia wa uru akitupwa, 9 ya kopa inaondoka. Mpe Mashariki karata zile zile za Magharibi, na kila kitu kinavunjika. Dami analazimika kutupa kabla yake, na Mashariki anafuata kwa raha.

Katika mgao wa Februari tatizo hili halikuwepo. Tishio moja lilikuwa Kusini na jingine Kaskazini, na dami alikuwa na 6 ya uru isiyo na kazi ya kutupa, hivyo mbano ungemshika yeyote mwenye ngao zote mbili. Ndiyo maana kila zoezi sasa lina maswali manne pembeni, nayo yanaulizwa raundi ya kwanza: ninazo zote isipokuwa moja, au nina deni la kulipa kwanza? Ni mlinzi gani anaweza kuwa na ngao zote mbili? Tishio liko wapi ukilinganisha na yeye? Nitavuka kwa karata ipi?

Swali la pili ndilo wanaloliruka. Nimeliona mezani tena na tena: mtu anapanga vizuri, anaachia raundi, analinda kivuko, lakini ngao moja iko kwa Mashariki na nyingine kwa Magharibi, na dalili zilikuwepo tangu zabuni, yaani ahadi zinazotangazwa kabla ya karata kuchezwa. Kwa hiyo nimeongeza zabuni za walinzi kwenye nusu ya migao. Aliyetangaza uru kwa daraja la tatu ana uru saba hivi. Kopa ngapi zinaweza kumbakia?

Mei: palipofikia

Mazoezi ya mbano wa kawaida yamekamilika na yote yamepita kwenye programu. Baadhi ya migao nimeitoa ingawa ilikuwa sahihi, kwa sababu iliwezekana pia kwa kumtupia mlinzi raundi na kumlazimisha alete kopa. Mchezaji akifika 12 kwa njia nyingine anastahili pongezi, lakini zoezi haliwezi kumwonyesha kama ameuelewa mbano. Programu haiwezi kukuambia hilo. Yenyewe inasema 12 na kunyamaza; kama mwanadamu anayeziona karata 26 tu angeweza kuipata njia hiyo, hilo ni lazima uliamue mwenyewe, ukiwa umeifunika mikono ya walinzi.

Mbano wa pande mbili, ambao mlinzi mmoja anabanwa katika aina mbili na mwenzake katika mbili nyingine huku moja ikiwa ya wote, nimeuwekea sura yake. Migao imeanza kupatikana. Kigumu ni kupata uliotulia, ambao mchezaji wa kundi letu anaweza kuupanga kwa dakika chache bila karatasi. Mzee wa Februari ameomba awe wa kwanza kuujaribu, na ameomba asiambiwe lolote kabla. Nimeshamwandalia mmoja ambao turufu yake ni kopa: anaanzishiwa malkia wa pau, ana 11 za uhakika, na pau ya kwanza inatakiwa aiachie.